Siku Niliyoivua Pampu

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua ilianza wakati wa misa ya kwanza na mpaka sasa yamebaki manyunyu, yale yasiyokatika wala kukolea. Ziwa limefunikwa na ukungu, silioni, na sina hamu ya kuliona. Nimejitenga chumbani. Sijaongea na shangazi yangu tangu jana jioni, na katika nyumba ya vyumba viwili na sebule moja, kumnunia mtu ni kazi. Nimesikia akirudi kutoka kanisani. Nimesikia akikung'uta mwavuli. Nimesikia akisimama mbele ya mlango wangu, kisha akaenda jikoni kugombana na masufuria.

Sukari yangu sasa hivi ni 162. Jana saa kumi ilikuwa 418.

Nina hasira, jamani. Wacha nianzie hapo, maana nisipoitoa huku nitaitoa mahali pabaya.

Kama umefika kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: naitwa Josiane, nina miaka ishirini na tisa, na nina kisukari kile kinachoanza utotoni, ambapo mwili hautengenezi insulini hata tone. Si kile cha wazee wenye vitambi. Nimechoka kueleza tofauti. Nilianza kujidunga sindano nikiwa darasa la tano, tukiwa bado Karagwe, Tanzania, na nimejidunga mara nne kwa siku mpaka mwaka huu, nilipopewa pampu.

Pampu yenyewe ni kidude cheusi, ukubwa wa simu zile za zamani za vitufe. Ndani yake kuna kichupa cha insulini. Hapo unatoka mrija mwembamba unaoingia tumboni mwangu kwa kisindano laini cha plastiki, na unanidondoshea dawa mchana na usiku. Nikitaka kula, nabonyeza, inaniongezea. Nikitaka kuoga, naichomoa na kuirudisha haraka. Ukisimuliwa hivyo utasema ni raha tupu.

Raha! Mrija unanasa kwenye kitasa cha mlango kila siku ya Mungu. Kazini, ambako naandikisha vizazi na ndoa kwenye ofisi ya serikali, mzee mmoja aliniamuru nizime simu yangu wakati yeye anazungumza. Nikamwambia si simu. Akaniambia nisimdanganye, anaiona. Nguo zetu za sherehe, ile mishanana ya kufunga begani, hazina mfuko wala mkanda, kwa hiyo harusini naificha ndani ya sidiria, na ikilia naonekana nimefuga ndege kifuani. Nikigeuka kitandani, nageuka nayo. Ikiziba, inalia. Betri ikipungua, inalia. Ukiisimamisha kidogo tu, inalia kila baada ya dakika kadhaa kukukumbusha kwamba umeisimamisha, utadhani mimi sijui nilichofanya.

Nailaani asubuhi, nailaani jioni. Na kuipoteza siwezi.

Siwezi kwa sababu kabla yake nilikuwa naanguka. Sukari ilikuwa inashuka alfajiri nikiwa usingizini, bila hodi. Shangazi ndiye aliyenikuta, mara mbili, nimelowa jasho na meno nimeyabana, akanipanua mdomo kwa kijiko na kunipaka sukari kwenye fizi mpaka nikarudi. Mara ya pili alinimegua jino. Jino hilo nalipitishia ulimi sasa hivi ninapoandika. Tangu nivae pampu sijaanguka hata mara moja. Nalala kama watu wengine wanavyolala.

Ila si yangu. Ni ya mradi wa hospitali moja kule Kigali. Mashine ni chache, wanaozingoja ni wengi, nami nimeazimwa kwa miezi mitatu ya majaribio. Kesho ndiyo miezi mitatu inatimia. Muuguzi ataiunganisha na kompyuta yake aisome yote: nilikula lini, nilipanda wapi, nilishuka wapi, niliizima saa ngapi. Ina kumbukumbu kuliko mke mwenza. Siku aliponivalisha alinitazama usoni akasema hiki si kipambo, anayekivua-vua tunamvua moja kwa moja na kumpa anayengoja. Nilicheka. Nikamwambia mimi mtanizika nacho.

Na wiki zote hizi nilikuwa mwanafunzi bora. Sikuruka kipimo. Niliandika kila kitu kwenye daftari walilonipa, lenye safu ya tarehe, safu ya namba, na safu ya mwisho iliyoandikwa "Sababu". Jana ndiyo nikafanya nilichofanya. Au tulifanya. Au alifanya yeye. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Shangazi Venansia ni dada mkubwa wa marehemu baba. Familia ilipotawanyika zamani, baba alielekea Tanzania, yeye Congo. Amekaa Goma miaka mingi sana kabla ya kurudi upande huu, na sasa anauza sambaza sokoni, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Kiswahili chake ni cha huko. Changu anakiita Kiswahili cha redio, na nikiongea mbele ya wenzake wa sokoni anawaambia wanyamaze, habari imeanza. Ndiye aliyenichukua wazazi walipofariki. Hali mpaka nimekula. Nampenda. Naandika hivyo mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Mwezi wa kwanza wa pampu aliamua kupanga friji upya. Akakuta dawa yangu iko rafu ya chini, jirani na nyanya, akaona ni dharau kubwa. Akaipandisha juu kabisa kwenye barafu, pamoja na sambaza. Vichupa viwili viliganda vikawa mawe. Insulini ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena, na vichupa hivyo navipata kwa barua, muhuri, na nusu siku kwenye benchi. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ua. Baridi inaua dawa, shangazi! Nililirudia hilo kama mara kumi. Baridi inaua!

Aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alirudi kutoka sokoni na soksi za mtoto mchanga, za sufu, akavivisha vichupa vyote vilivyobaki, kimoja kimoja. Mpaka leo ukifungua friji yetu unakuta vimesimama pale na soksi zao. Mimi nilicheka nikaacha. Dawa ilikuwa imerudi rafu yake, na soksi haina madhara. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Sasa jana.

Kuna chemchemi za maji moto kando ya ziwa, kusini mwa mji, ukipanda pikipiki hufiki mbali. Sisi tunaziita amashyuza. Maji yanatoka ardhini yakichemka yenyewe. Pale yanapotokea, watu wanaloweka viazi na mayai mpaka vinaiva. Mbele kidogo, yanapochanganyika na ya ziwa, watu wanaoga: wenye migongo, wenye miguu, wenye mambo wasiyoyataja. Shangazi alikuwa na goti lililokataa ngazi za kanisa mwaka mzima. Aliloweka wiki mbili, goti likakubali. Hilo nimelishuhudia mwenyewe, siwezi kulibisha, na ndiyo maana hoja yake imenikalia kooni tangu wakati huo.

"Kama iko naponesha goti, ju ya nini haiwezi ponesha sukari?" Hapo mikono iko kiunoni. "We hauingiaka mule hata siku moja, ju ya hii kamashini. Mi niko naona njo yenyewe inakuweka mugonjwa. Mutu iko nafungwa kamba kwa tumbo, atapona namna gani?"

Nimemjibu mara mia. Nimemchorea hadi picha ya tumbo. Jana sikumjibu, kwa sababu Ijumaa ilikuwa imenimaliza. Nilikuwa nawaandikisha maarusi, nimesimama kuchukua muhuri, mrija ukanasa kwenye droo, kisindano kikachomoka chote. Damu kidogo tu, lakini kwenye blauzi nyeupe damu kidogo haipo. Bibi arusi akaangalia tumbo langu, halafu akaangalia pembeni. Nililia chooni kama mtoto, nikavaa kisindano kipya, nikarudi nikagonga muhuri.

Basi Jumamosi shangazi alipoanza wimbo wake nikasema twende.

Tulifika mnamo saa nne. Sukari 131, nzuri mno. Niliisimamisha pampu isidondoshe dawa bure, nikaichomoa, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge, nikampa yeye ashike. Nusu saa tu, nilimwambia. Isilowe, isiibiwe, usiiache.

"Nitaiangalia sawa vile mutoto," akasema.

Nikaingia majini. Nilikaa zaidi ya nusu saa. Nilipotoka alinipa kitenge changu na pampu ndani yake, kavu kabisa, salama. Ilikuwa na joto. Nikadhani ni joto la mwili wake, kwamba alikuwa ameikumbatia. Nikaivaa.

Saa nane, nyumbani, nilikuwa 312. Sawa, nilikuwa nimeivua, nilitegemea kupanda. Nikabonyeza dawa ya kushusha. Saa tisa, 360. Nikabonyeza tena, zaidi. Mdomo umekauka, ulimi kama gunia, nakunywa maji jagi zima na kiu iko palepale. Shangazi anapita na kurudi, na uso wake, haki ya Mungu, uso wake una furaha. Anasema ni mayi inatosha uchafu, yaani maji yanautoa uchafu mwilini. Anasema dawa ya kweli inaanzaka kwa kutesa. Ananiletea maji mengine na kunipangusa shingo akiimba.

Saa kumi, 418. Nikakimbilia nje kutapika, sikutapika, nikabaki nimeshika ukuta. Na hapo ndipo akili ilipoamka, kuchelewa namna hiyo, mimi niliyeishi na ugonjwa huu miaka kumi na minane: dawa naibonyeza, inaingia, na haifanyi kitu. Basi si mimi. Ni dawa.

Nikamuuliza, nimeinama hivyohivyo. Shangazi, pampu uliiweka wapi?

"Pale kwa jiwe. Fasi ya viazi."

Fasi ya viazi! Mahali pa kupikia viazi! Insulini yangu ilikaa kwenye jiwe linaloivisha viazi.

Nilimwambia maneno. Sitayaandika yote. Nilimwambia aliigandisha ya kwanza na sasa ameipika ya pili, na kwamba akiendelea kunipenda hivi atanizika kabla ya mwaka kuisha. Hilo la mwisho nilikuwa sijalipanga, lilitoka tu. Alikuwa ameshika bilauri. Akaiweka chini taratibu, akaingia ndani.

Nikatoa kichupa kipya kwenye friji, nikakivua soksi, nikajidunga kwa sindano ya kawaida kama zamani. Nikabadilisha kila kitu kwenye pampu, kichupa, mrija, kisindano. Saa kumi na mbili nilikuwa 300. Wakati wa kulala 205. Ilifanya kazi, na mimi nikawa nimebaki na hasira yote mkononi, haina pa kwenda.

Kwa hiyo kesho muuguzi ataona mlima. Miezi mitatu ya tambarare nzuri, na siku mbili kabla ya kupimwa, mlima. Nimekaa hapa tangu asubuhi na daftari, safu ya "Sababu" iko tupu. Nimefikiria kuandika kwamba mrija uliziba. Mrija huziba, hutokea. Nimefikiria kuandika kwamba ndugu wa nyumbani aliiharibu dawa bila mimi kujua. Hilo si uongo hata. Nikiwa na bahati watanihurumia, wataniachia pampu, na watamwandika shangazi kuwa ndiye tatizo.

Hilo la ndugu nililiandika kabisa kwa penseli.

Saa kumi na nusu. Niliacha kuandika kwa sababu shangazi aligonga mlango. Hakungoja nijibu. Aliingia na sahani ya maharage na ndizi, akaiweka kitandani, akakaa kwenye kiti chenye nguo zangu, juu ya nguo. Sikuinua kichwa.

Akasema ananiuliza kitu kimoja, halafu anaondoka.

"Ilikuwa nalia," akasema.

Nikauliza nini ilikuwa inalia.

"Kamashini yako. We uko kwa mayi, yenyewe inalia: ti, ti, ti. Nikaifunika na kitenge. Inanyamaza kidogo, inalia tena. Upepo ya ziwa ilikuwa mingi. Nikasema, Yesu, baridi imeishika. We njo ulisemaka baridi inauaka dawa. Bon, nikaisogeza karibu na mayi ya moto. Inalia, naisogeza. Inalia, naisogeza. Mupaka pale kwa jiwe."

Nilimwangalia. Mikono yake ilikuwa inaonyesha, anasogeza kitu kidogo mapajani mwake, anasogeza tena, anakifunika.

Hakukisahau kwenye jiwe. Alikilea.

Na mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimpa nusu ya somo kwa makelele, akaishika yote aliyopewa, akaenda kuinunulia dawa soksi. Nusu ya pili, kwamba joto nalo linaua, sikumpa kwa sababu nilikuwa nimeridhika kwamba nimempigia kelele vya kutosha. Na kwamba inalia ninapoisimamisha pia sikumwambia, kwa sababu hakuna siku nimemweleza chochote kuhusu pampu ambacho hakikuanza na "usiguse".

Ngoja, kuna jingine. Nimelikwepa tangu mwanzo wa ukurasa huu.

Nimeandika pale juu kwamba nilikaa "zaidi ya nusu saa". Nilikaa tangu saa nne mpaka saa saba.

Hakuna aliyenishika. Shangazi mwenyewe alikuja ukingoni mara mbili akaniita, mara ya pili akanionyesha kile kitenge juu kabisa, akasema inalia. Nikamwambia iache ilie. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimeelea mgongo chini, maji ya moto yananipita mabegani, na tumboni hakuna kitu. Hakuna mrija. Nilijipapasa kiuno kama mtu anayetafuta funguo, hazipo, na sikutaka zipatikane. Mwanamke mmoja pembeni yangu alikuwa ananisimulia mambo ya mgongo wake, na mimi nilikuwa mtu tu, mwenye mwili, anayesikiliza habari za mgongo. Nikala viazi viwili kwa chumvi bila kubonyeza chochote. Miaka kumi na minane sijala kiazi bila hesabu.

Na nilifikiri, niseme ukweli kwa kuwa hapa ndipo pa kusemea: labda. Mimi niliyemchorea picha ya tumbo, mimi ninayewacheka wanaosema kisukari kinaondoka kwa maombi, nilikaa ndani ya yale maji masaa matatu nikisema labda. Goti lilipona. Labda nikitoka nitapima na itakuwa 90, na nitairudisha pampu Kigali mwenyewe, mikono miwili, na kuwaambia asanteni.

Nilitaka iwe kweli. Nilitaka kuliko yeye.

Halafu haikuwa kweli, na nikamtafuta wa kumtwisha.

Nilimwomba msamaha. Nilifanya vibaya, nilianza na "lakini na wewe", ikabidi nirudi mwanzo. Yeye alikuwa anakunja blauzi yangu aliyokuwa ameikalia. Akaniambia ihangane, yaani pole, vile tunavyomwambia mtu aliyefiwa au aliyejikwaa, yote sawa. Nikamwambia kwamba dawa haipendi baridi wala moto. Nikamweleza kuhusu ule mlio, kwamba hailii kwa maumivu, inasema tu niwashe. Alisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho labda angekifanya miezi mitatu iliyopita kama ningeongea bila kufoka.

Kisha akasema amekwisha kupiga pasi nguo zake. Kesho tunakwenda Kigali wote. Yeye ndiye atakayeongea na muuguzi, atasema ni yeye mwenye makosa, mtoto wake asinyang'anywe.

Alikuwa ameshapanga. Alikwenda misani na nguo za kawaida ili zile nzuri zibaki safi kwa ajili ya kesho, kwa ajili ya kujishtaki mbele ya mtu asiyemjua, na jana mimi nilimwambia atanizika.

Nikamwambia ataenda, lakini hatasema hivyo.

Akanikazia macho. Akanyoosha kidole kwenye kiuno changu, karibu kabisa, bila kugusa.

"Sasa we niambie muzuri, ju nisikosee tena. Baridi, hapana. Moto, hapana. Siku ingine ukinipa, ikianza kulia, mi niiweke wapi?"

"Niletee," nikasema. "Hata nikikukatalia. Ingia majini na nguo zako unitoe kwa masikio, lakini niletee."

Akafikiri. Akasema kwa masikio ataweza.

Saa kumi na moja kasoro. Maharage yamepoa, nimeyala, nimebonyeza. Nimefuta ile penseli. Kwenye safu ya "Sababu", mbele ya 418, nimeandika kwa kalamu ya wino: *Niliivua mwenyewe, saa nne hadi saa saba. Niliitwa mara mbili, nikakataa kutoka. Dawa iliharibika kwa joto kwa sababu sikumweleza aliyeishika.*

Ni sentensi mbaya sana kumpa mtu mwenye mamlaka ya kukunyang'anya kitu. Naijua kazi hiyo. Mimi mwenyewe najaza safu za watu kila siku, na najua mtu anayesema ukweli mrefu hatoki haraka kwenye foleni. Inawezekana kesho nitarudi na sindano kwenye mfuko wa plastiki, na mtu mwingine anayestahili atalala usingizi wangu. Sitaki. Nitamwambia sitaki, nitamwomba, nitabembeleza kama itabidi. Ila sitamwambia mrija uliziba.

Na nikirudi bila pampu, alfajiri nikianza kushuka tena, atakayenikuta na kijiko namjua.

Basi linaondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Nasikia shangazi sebuleni anampigia simu mwenzake wa sokoni amwangalizie meza ya samaki, anamwambia kesho hayupo, anakwenda Kigali kusoma mambo ya kamashini.